Mtoto na Mgeni Rasmi

Wakubwa wana desturi ya kudhani kwamba ziara ya kiongozi ni shughuli ya wakubwa. Wao ndio wanaoandika risala, wao ndio wanaogombea viti vya mbele, na wao ndio watakaohesabu baadaye ni ahadi ngapi zilitolewa na ngapi zimesahauliwa. Lakini yeyote aliyepata kusimama kando ya barabara, siku msafara wa kiongozi wa nchi unapotarajiwa, anajua kwamba sehemu kubwa ya umati ule ni watoto, na kwamba hakuna anayengoja kwa moyo mweupe kama wao. Mkulima anangoja kusikia habari za bei ya kahawa. Mtumishi wa serikali anangoja kujua kama atasifiwa au atakemewa hadharani. Mtoto hangoji kitu ila kuona. Kungoja huko kwa mtoto ndiko ninakotaka kukuzungumzia leo, ndugu msomaji, maana nimekuja kuamini kwamba katika saa zile za kungoja mtoto hujifunza jambo kuhusu nchi yake ambalo hakuna somo la darasani litakalolifuta.

Nilizaliwa na kukulia Karagwe, katika siku ambazo wilaya hiyo ilikuwa ingali moja, kabla ya Kyerwa kutengwa kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Asiyeijua nchi hiyo na atazame ramani. Ni pembe ya kaskazini-magharibi kabisa ya Tanzania, ambako mto Kagera unapinda na kutufanyia mpaka, ng'ambo moja ikiwa Rwanda na ng'ambo nyingine Uganda. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa, maharage na ng'ombe. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,400 kutoka kwetu. Siku zile mtu aliyetoka huko alikuja kwa gari moshi hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli ya Victoria mpaka Bukoba, kisha akapanda basi au lori kupitia Kyaka. Na alipoteremka Kayanga au Nkwenda alikuwa mwekundu kwa vumbi, kuanzia kofia hadi viatu. Lami ya kutoka Kyaka hadi Bugene tumeipata katika karne hii.

Kwa sababu hiyo serikali, kwetu sisi watoto, ilikuwa kitu cha kusikika zaidi ya kuonekana. Tuliisikia jioni katika Radio Tanzania, nyumbani kwa jirani aliyekuwa na redio na betri zenye nguvu. Tena tuliishika mkononi, maana sarafu zilizoanza kutumika mwaka 1966 zilikuwa na kichwa cha Mwalimu Julius Nyerere upande mmoja, na upande wa pili zilikuwa na picha nyingine: samaki katika senti tano, mbuni katika senti ishirini, sungura katika senti hamsini, na katika shilingi mkono ulioshika Mwenge. Katika sarafu hizo Mwalimu alitazama kando, hivyo sisi tulimjua kwa jicho moja na sikio moja tu. Nakumbuka kubishana na mwenzangu siku nzima kama upande wa pili wa uso wake ulifanana na huu tunaoujua. Picha iliyotundikwa ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu ingeweza kukata shauri, lakini nani angethubutu kuingia humo kwa jambo la namna hiyo?

Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likabomolewa. Uvamizi huo ulikuwa upande wa jirani zetu, lakini habari zake zilitufikia kwa miguu, kwa watu waliokuwa wakikimbia na mizigo kichwani. Novemba 2 Mwalimu alilihutubia taifa, akasema kwamba sababu ya kupigana ipo, nia ipo, na uwezo upo. Wazee waliokuwa wamekaa karibu na redio walisimama bila ya kuambiwa, nasi watoto tukasimama pia. Sikuelewa yote aliyoyasema. Nilielewa tu kwamba mtu wa kwenye shilingi alikuwa anazungumza juu yetu sisi, watu wa pembe hii, na kwamba hakukusudia kutuacha. Mtoto wa mpakani asiyewahi kupata fundisho kama hilo hawezi kujua lina uzito gani. Baada ya vita hivyo kwisha mwaka 1979, mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukachukua jina la mto wenyewe, Kagera.

Haukupita muda mrefu, nikiwa darasa la tatu, tukatangaziwa mstarini kwamba kiongozi mmoja wa kitaifa angepita katika barabara yetu. Jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayosimulia pengine hakuyajua kamwe. Mimi nilinyosha mkono nikauliza kama naye yumo kwenye shilingi. Mwalimu wetu alicheka, akajibu kwamba huyu hayumo, lakini anakaa karibu na aliyemo. Jibu hilo lilinitosha. Usiku ule nilikaa macho nikijaribu kufikiri mtu anayekaa karibu na shilingi anafanana vipi.

Maandalizi yalichukua wiki mbili, na katika wiki hizo hesabu na jiografia zilipumzika. Tulifyeka majani kando ya barabara, tukaokota mawe, tukayapaka chokaa na kuyapanga mistari miwili mpaka njia ikang'aa. Wazee waliikata migomba mizima pamoja na mikungu yake, wakaisimamisha kuwa lango. Mjumbe wa nyumba kumi alipita nyumba hadi nyumba akihimiza watu wajitokeze. Sisi tulifundishwa wimbo wenye beti nne, na mahali pa kupiga makofi, na mahali pa kuinua mikono, na adhabu ya atakayekosea. Shati langu lilikuwa moja. Bibi yangu alilifua jioni ya kuamkia siku yenyewe, akalikausha juu ya moto, hivyo nilikwenda kumwona kiongozi nikinuka moshi. Miguu yangu aliipaka samli mpaka ikametameta. Hakujua, masikini, kwamba samli na vumbi la Karagwe ni marafiki wakubwa.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza, tukatembea kwa nyimbo, na saa mbili asubuhi tulikuwa tumekwisha kupangwa kando ya barabara, wafupi mbele na warefu nyuma. Mgeni alitazamiwa saa nne. Saa nne ikapita, na saa sita nayo. Jua la siku ile lilikuwa kali, na hapakuwa na maji. Atakayetoka mstarini, tuliambiwa, huenda akamkosa kiongozi kwa sababu ya kiu yake mwenyewe. Basi hakuna aliyetoka. Msichana mmoja wa darasa la pili alianguka kimyakimya, akabebwa na kulazwa kivulini, na alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama magari yamekwisha pita.

Karibu na saa nane ukasikika mngurumo nyuma ya kilima. Mwalimu akatoa ishara, nasi tukaanza kuimba kwa nguvu zote tulizokuwa tumezihifadhi. Lililotokea kilimani lilikuwa lori lililopakia magunia ya kahawa. Tulikuwa tumekwisha kuanza, na kunyamaza kungekuwa aibu, hivyo tuliliimbia lori lile beti zote nne. Dereva wake, mtu mwungwana, alipunguza mwendo sana ili asitutimulie vumbi, akatoa kichwa dirishani, akatutazama mmoja mmoja akicheka, akatupungia mkono mpaka mwisho wa mstari. Tulishangilia kama wendawazimu.

Saa kumi ndipo msafara ulipofika. Sijui magari yalikuwa mangapi, kwa kuwa baada ya gari la kwanza hapakuwa na kitu cha kuhesabu. Vumbi lilipanda kama ukuta. Tulikuwa katika ubeti wa pili wakati magari yalipotufikia, na kabla hatujaufikia wa tatu yalikuwa yamekwisha kwenda. Ndani ya vumbi lile, katika dirisha la gari mojawapo, niliona mkono uliovaa saa. Ulipunga mara mbili. Huo ndio uliokuwa mgao wangu wa kiongozi wa taifa: mkono hadi kifundo, na saa.

Nilirudi nyumbani gizani. Bibi alikuwa hajalala, alikuwa amekaa jikoni akiningoja na ndizi zilizopikwa kwa maharage, na hata kabla sijanawa mikono akaniuliza, "Mjukuu wangu, umemwona?"

Nikajibu, "Nimemwona, Bibi."

"Yukoje?"

Msomaji wangu, hapo ndipo palipo kiini cha makala haya. Mimi sikuwa mtoto mwongo. Lakini nilitazama lile shati alilolifua, nikatazama miguu yangu aliyoipaka samli, nikaona kwamba siwezi kumwambia mwanamke yule kwamba nimeona mkono. Basi nikaanza kumweleza. Nikasema ni mrefu. Nikasema ana ndevu kidogo. Nikasema alishuka garini, akanishika kichwa, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Kesho yake niligundua shuleni kwamba wenzangu wengi nao walishikwa vichwa. Mmoja alipewa hata peremende. Kwa muda wa mwezi mzima shule yetu ilikuwa na viongozi wa kitaifa arobaini, kila mtoto na wake, na hapana aliyemsuta mwenzake, kwa sababu kila mmoja wetu alijua alichokiona na kile asichokiona. Ulikuwa uongo wa heshima. Hata hivyo ulikuwa uongo, nasi tuliujifunza kando ya barabara ile, mbele ya taifa letu, tukiwa na umri wa miaka tisa.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisimulia lake. Alipokuwa msichana, alisema, Omukama alipita karibu nao, hatua kumi hivi, na ngoma zilikuwa zikilia. Wanawake walipiga magoti na kuinamisha nyuso. "Nilikuwa karibu naye kama ulivyo karibu na mlango ule," akasema, "lakini nilichokiona ni udongo." Akaongeza kwamba anafurahi kuona mambo yamebadilika, na kwamba mjukuu wake ametazamana na mkubwa uso kwa uso. Nilimeza ndizi kwa shida usiku ule.

Nimeyafikiri maneno yake kwa miaka mingi. Karagwe ni nchi yenye historia ndefu ya utawala. Omukama Rumanyika Orugundu aliwapokea wasafiri wa Kiingereza John Hanning Speke na James Grant mwaka 1861, na Henry Morton Stanley mwaka 1876, na habari za ukarimu wa jumba lake, huko Bweranyange, zilisomwa Ulaya wakati ambapo sehemu kubwa za bara letu zilikuwa hazijaandikwa katika ramani zao. Utawala wa namna hiyo ulikuwa na adabu zake, na si kusudi langu kuucheka. Lakini mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta kwa sheria madaraka ya machifu, na kwa kufanya hivyo ikamwahidi mjukuu wa Bibi jambo ambalo Bibi mwenyewe hakuahidiwa: kwamba katika Jamhuri mtoto wa mkulima anaweza kuinua uso na kumtazama mkubwa wa nchi, naye mkubwa akamtazama. Swali ni kama ahadi hiyo inatimizwa pale barabarani. Ikiwa mzee aliona udongo kwa sababu ya kuinama, na mjukuu akaona udongo kwa sababu ya mwendo wa magari, basi tofauti iliyopo kati ya zama mbili hizo ni ndogo kuliko tunavyopenda kuifikiri.

Hapana anayeweza kusema kwamba jambo hili haliwezekani. Oktoba 1967, miezi minane baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoka kijijini kwake Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza kuhudhuria Mkutano Mkuu wa TANU. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 200, na ilimchukua siku kadhaa. Siku hizo vijana walikuwa wakitembea kutoka kila upande wa nchi kuliunga mkono Azimio, naye akaona kwamba haifai wao watembee na yeye apande gari. Wanasiasa watabishana juu ya sera za wakati ule, na wana haki ya kubishana. Lakini mtazame mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao kando ya barabara ya Mwanza siku ile. Mtu anayekwenda kwa miguu hawezi kumpita mtoto pasipo kuonekana. Mtoto yule aliona nyuso zote mbili za shilingi. Aliona vumbi katika viatu vya Rais, akajua kwamba Rais naye huchoka. Huenda Mwalimu aliyajua hayo kwa sababu yeye mwenyewe alizaliwa, mwaka 1922, katika boma la Chifu Burito wa Wazanaki, na kuanza shule huko Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka kumi na miwili. Aliwahi kukitazama kiti cha mkubwa akiwa chini.

Wengine watasema kwamba zama zimebadilika, na kwamba mtoto wa leo hana haja ya kusimama juani, kwa kuwa anamwona kiongozi kila siku katika televisheni na katika simu ya baba yake. Sikubaliani nao. Mtoto wa Murongo anayeona ng'ambo ya mto nchi nyingine kwa macho yake, na wa Kaisho, na wa Nyaishozi, bado anakimbia barabarani asikiapo king'ora. Simu imemwonyesha kiongozi; haijamwonyesha kiongozi mtoto. Anachokitafuta pale barabarani ni uhakika kwamba yule mtu yupo kweli, na kwamba katika nchi kubwa namna hii mtu yule amefika mpaka hapa kwetu, akaona mgomba wetu, akaona shule yetu isiyo na madawati ya kutosha, akamwona na yeye. Hayo ndiyo yaliyowafanya watu, wazima kwa watoto, wampende Rais John Magufuli alipokuwa akisimamisha msafara njiani na kuzungumza na waliokusanyika. Wengi walikubaliana naye na wengine hawakukubaliana naye, lakini hakuna aliyesema kwamba alipita bila ya kuonekana. Na Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa kwanza mwanamke wa nchi yetu, picha iliyo ukutani katika ofisi za walimu wakuu ilibadilika kwa namna ambayo kila msichana wa Karagwe na Kyerwa aliielewa bila ya kufafanuliwa.

Lakini hamu hiyo ya kuona ina hatari yake, nasi hatuna ruhusa ya kuisahau. Machi 21 ya mwaka huo huo, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu walifurika kumuaga Rais Magufuli, aliyefariki siku nne kabla. Alikuwa mtu wa Chato, jirani zetu, ambao hapo zamani walikuwa ndani ya mkoa wetu wa Kagera. Kwa mujibu wa Jeshi la Polisi watu 45 walikufa katika msongamano ule, na watoto walikuwamo. Walikuwa watoto waliopelekwa kumwona kiongozi kwa mara ya mwisho. Ninapoyakumbuka hayo, yule msichana wa darasa la pili aliyeanguka kando yangu hatoki katika fikira zangu. Yeye alizinduka. Sisi wakubwa tulikwenda nyumbani tukilisimulia jambo lile kama kichekesho.

Miaka ya karibuni mjukuu wangu wa kike, anayesoma shule ya msingi upande wa Kyerwa, alipelekwa pamoja na wenzake kumpokea mgeni mkubwa. Jioni nikampigia simu mama yake, nikaomba nizungumze na mtoto. Nilijikuta nikiuliza swali lile lile la Bibi.

"Umemwona?"

"Sikumwona, Babu," akajibu bila ya kusita. "Mbele yangu alisimama mzee mmoja mwenye kofia. Nimeona kofia."

Nilicheka, na moyoni nikashukuru, kwa kuwa mtoto huyu alikuwa hana haja ya kunidanganya. Kisha yeye akaniuliza: "Babu, yeye huwa anatuona?"

Nilimwambia kwamba nadhani anawaona. Sikuwa na hakika. Ndiyo sababu nimeandika makala haya, ili swali lake liwafikie wale wanaoweza kulijibu kwa vitendo.

Kwanza, wanaoandaa mapokezi. Mtoto si pambo la barabara kama mgomba uliokatwa na jiwe lililopakwa chokaa. Akiitwa kumpokea mgeni, na aitwe karibu na saa ya kufika kwake, awe na maji na kivuli, na awepo mtu mzima mwenye kazi moja tu ya kuwatunza watoto, asiyeangalia magari. Panapotarajiwa umati mkubwa, watoto wawe na mahali pao penye njia pana ya kutokea. Na ikiwa mahali hapo hapapatikani, wabaki nyumbani, kwa kuwa hakuna mgeni anayestahili kulipiwa kwa roho ya mtoto. Siku za masomo zinazotumika kwa mazoezi ya nyimbo nazo zina thamani yake. Taifa linalojengwa kwa hesabu na jiografia halifaidiki kwa kumpokea kiongozi kwa watoto wasiojua hesabu na jiografia.

Pili, walimu na wazazi. Kabla ya mtoto kufundishwa beti nne, afundishwe kwanza anayekuja ni nani, kazi yake ni ipi, nani aliyempa kazi hiyo, na kwa muda gani. Watoto wetu wanajua kumsifu mgeni kabla ya kujua wajibu wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Kwa nini basi asichaguliwe mtoto mmoja, na wenzake wenyewe, aulize swali moja walilolitunga wao? Nina hakika kwamba maswali ya watoto wa Nkwenda na Kayanga juu ya madawati, maji na barabara yatakuwa mafupi kuliko risala zetu, tena yatakuwa magumu zaidi kujibiwa. Na siku ya pili mwalimu awaambie waandike walichokiona, hata kama ni kofia. Mtoto akisifiwa kwa kusema kwamba ameona kofia, atakuwa amejifunza uraia wa kweli.

Tatu, viongozi wenyewe. Twajua kwamba ratiba ni nzito, usalama ni lazima, na safari ni ndefu. Lakini mstari wa watoto kando ya barabara ni mkutano wa hadhara, tena wa watu watakaopiga kura kwa miaka hamsini ijayo. Wamengoja tangu asubuhi. Mwendo ukipunguzwa, dirisha likafunguliwa, na mara mojamoja miguu ikashuka chini, hasara yake ni dakika kumi. Faida yake siwezi kuipigia hesabu. Najua tu kwamba nimekwisha kusahau jina la waziri wa kila wizara wa wakati ule, na sijamsahau dereva wa lori la kahawa. Yule mtu hakuwa na cheo chochote. Hakuwa ametuagiza tumngoje, wala hatukumwandalia wimbo. Alipunguza mwendo kwa sababu aliona watoto, akatutazama, akatupungia mkono mpaka tulipokwisha.

Bibi yangu alikufa akiamini kwamba mjukuu wake alishikwa kichwa na kiongozi wa taifa. Sikupata ujasiri wa kumwambia kweli. Naiandika leo katika gazeti, nikiwa na mvi, ili watoto watakaosimama kando ya barabara ya Kyerwa au ya Karagwe kumngoja mgeni wao ajaye waonwe na mgeni huyo, na wakirudi jioni kwa bibi zao wawe na la kweli la kusimulia.